Miwani ya Mchambuzi

Watu wa Burumba, mtaa wetu wa Busia, walimwita Mchambuzi, na ole wako umwite kitu kingine. Ukimwita "mzee wa gazeti" alikuitikia shingo upande. Ukimwita "mtangazaji" hakukuitikia kabisa. Mimi nilimwita Mchambuzi tangu siku ya kwanza, si kwa heshima, bali kwa sababu alikuwa amekalia kitambaa cha mteja wangu na nilitaka ainuke haraka. Ukitaka kujua alizaliwa na nani na ukoo wake ni upi, nenda kijijini kwao Busibwabo ukaulize. Mimi nilimjua kwenye benchi tu, na benchi lilinitosha.

Miaka hiyo ya sabini nilikuwa nashona nguo kwenye veranda inayotazama barabara ya mpakani. Nilikuwa na cherehani moja na benchi moja la wateja, na kuanzia saa nane mchana nilikuwa na yeye. Basi la Kisumu lilileta gazeti saa saba likiwa na bahati, saa tisa likipata pancha. Alilingojea stendi, akalinunua, akaja nalo kwapani bila kufungua hata ukurasa mmoja. Kulifungua njiani, alisema, ni kuwanyima haki wanaongoja. Akifika alikaa kwenye kona ya benchi, akavua kofia akaiweka gotini, akatoa miwani, akaifuta kwa shati. Kufikia hapo benchi limejaa: madereva wa malori waliochoka kungoja forodha, akina mama wa nyanya, watu wa boda-boda na baiskeli zao, na wateja waliofuata nguo ambazo sijamaliza. Wengi hawakujua kusoma. Waliojua kusoma walikuwa wabahili.

Alikuwa na sheria moja, nayo aliirudia kila Jumatatu kwa faida ya wageni. Miwani ikiwa machoni, linalosema ni gazeti. Miwani ikiwa mkononi, anayesema ni yeye. Kabla ya kustaafu alikuwa karani kwenye ghala la pamba, kazi yake kutenga ile safi na ile fifi, yenye majani na madoa, na nadhani hakuiacha kazi hiyo hata siku moja. Habari huku, maoni kule. Ukizichanganya mbele yake alikunja uso utadhani umemkanyaga kidole. Kwa hiyo miwani ilipanda na kushuka mchana kutwa. Anasoma mistari mitatu, anavua, anasema robo saa, anavaa tena. Gazeti la kurasa chache lilitutosha mpaka jua linazama.

Neno lenyewe alilipata redioni. Kulikuwa na bwana mmoja wa sauti nzito aliyekuja baada ya taarifa ya habari, akatambulishwa kuwa mchambuzi. Kesho yake mzee alifika verandani kabla hata ya basi, uso umemng'aa.

"Mama Fundi, kumbe kazi yangu iko na jina!"

Tangu hapo alilieleza neno hilo kwa kila aliyeuliza, na kwa wengi ambao hawakuuliza. Maelezo yake nayakumbuka kwa sababu niliyasikia mara mia. "Mwandishi wa habari anakuambia ng'ombe amevuka mpaka. Mchambuzi anajiuliza mbele yako kwa nini amevuka. Mbea anakuambia ni ng'ombe wa nani na nani alimvusha, na kumbe ng'ombe mwenyewe amelala zizini." Madereva walicheka kila mara hapo kwa ng'ombe, naye alingoja kicheko kiishe kabla ya kuendelea, maana alijua kinakuja.

Shida ikawa moja: mji mzima ulilipenda neno. Haikupita wiki mbili, mwenye bucha aliyebishana mpira na kila mtu akawa mchambuzi. Walevi wa busaa wakawa wachambuzi. Wanawake wakaanza kuwaambia waume zao, "Usiniletee uchambuzi hapa, leta unga." Mzee alizunguka soko lote kusahihisha watu. Alipofika kwa mwenye bucha alimwambia, "Wewe si mchambuzi. Wewe ni shabiki."

"Sawa, mzee. Na wewe ni nani?"

"Mchambuzi."

"Umeandikwa na nani?"

Hapo mzee akaondoka, nyama yake akaiacha juu ya meza. Mwenye bucha alimgusa penye kidonda. Yule bwana wa redioni alikuwa ameandikwa, na wale wa gazetini majina yao yalikuwa juu ya safu zao. Huyu wetu alipewa jina na benchi langu tu, na benchi lingeweza kumnyang'anya siku yoyote. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana alilinda miwani ile kwa wivu.

Ndiyo maana pia aliandika barua. Kila mwezi alimwandikia mhariri, na kabla ya kuituma alinisomea mimi, kwa kuwa miguu yangu ilikuwa kwenye cherehani na sikuweza kukimbia. Zote zilianza hivi: "Mheshimiwa Mhariri, naomba nafasi kidogo tu." Baada ya hiyo nafasi kidogo zilifuata kurasa saba. Hakuna hata moja iliyochapishwa. Alisema posta ya Busia ina uzembe.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Huyu aliyetukataza kuamini jambo lisilothibitishwa aliliamini goti lake la kushoto katika mambo yote ya mvua, na goti likikosea alisema mvua ndiyo imechelewa. Alihubiri kwamba kila upande usikilizwe, lakini kwenye drafti akiona anashindwa, kiwiko chake kiligonga ubao kwa bahati mbaya. Bahati mbaya hiyo niliihesabu mara nne kwa wiki moja. Alikataza mtu kumkatiza, na yeye alikukatiza hata ukimwambia karibu chai.

Na samaki! Mama Samaki, jirani yangu aliyeleta ngege kutoka Budalang'i, alifunga samaki wake kwa magazeti ya zamani. Mzee hakuvumilia. Alisimama mbele ya beseni lake akiinamisha kichwa huku na huku, akijaribu kusoma mistari iliyozunguka mkia. Siku moja aliona kipande cha ukurasa wa maoni ambacho hakuwahi kukisoma. Tumbo lake halikubali samaki, harufu tu ilimtosha kuharisha, lakini alinunua ngege mkubwa kuliko wote. Akaja verandani, akanipa samaki mimi, akaanika karatasi kwenye kamba yangu ya nguo. Tulingoja ikauke. Ilipokauka akakuta mwisho wa makala umebaki kwenye samaki mwingine, ambaye alishanunuliwa na askari. Mama Samaki alicheka mpaka akajishika mbavu. Nayaleta haya mjue kwamba hawakuwa maadui, walikuwa watu wa kutaniana.

Siku iliyoharibu mambo ilianza na makalio yake mwenyewe. Alikalia miwani. Mkono wa kulia wa miwani ukavunjika, naye akalilaumu benchi langu. Kwa kuwa basi lilikuwa limeshafika na watu wameshajaa, nilichukua lastiki, ile niliyotia kwenye kaptura za wanafunzi, nikaishonea kwenye fremu na kuizungusha kisogoni. Ilishika barabara. Tena ilishika mno. Kuivua ilibidi avute mpaka nyusi zipande kwenye paji la uso.

Akasoma. Habari yenyewe ilikuwa fupi: maofisa zaidi wa forodha watapelekwa mipakani. Basi. Siku hizo mpaka wetu ulikuwa na hasira zake, leo wanapita watu, kesho wanarudishwa, na neno "mpakani" tu lilifanya benchi zima liinue kichwa. Kwa kawaida hapo angevua. Nilimwona mkono ukipanda, ukagusa lastiki, ukashuka. Niliuona kabisa, ila nilikuwa na pini mdomoni na pindo lilikuwa linaniteleza, nikanyamaza.

"Kwa hiyo," akasema, miwani machoni, "mpaka utafungwa Jumatatu."

Dereva mmoja akauliza kwa nini Jumatatu. Akaeleza kwamba maofisa hawawezi kufika kabla ya Ijumaa, Jumamosi watafua nguo, na Jumapili serikali iko kanisani. Watu wakacheka. Mama Samaki hakungoja kusikia sababu. Aliposikia "Jumatatu" alitazama macho ya mzee mara moja, akainuka, akaliacha beseni lake kwenye benchi pamoja na samaki wote.

Binti yake alikuwa ameolewa ng'ambo, mbele kidogo ya Malaba, kwa Wateso wafugaji, na alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa, ya kwanza. Mama alimwona akilini mwanawe akijifungulia upande mwingine wa mpaka uliofungwa, bila yeye. Alipanda gari la Malaba mchana uleule, akavuka, akakuta wakwe na mume wameenda matanga. Akamchukua binti. Kwa jirani aliacha maneno mawili: "Gazeti limesema." Ukiniuliza mimi, hata mimi ningekwenda.

Mtoto alizaliwa Jumamosi nyumbani kwa Mama Samaki hapahapa Burumba, msichana, mzima. Jumatatu ikafika. Mpaka ukawa wazi tangu alfajiri. Walivuka watu, wakavuka mbuzi, ikavuka harusi nzima na ngoma zake. Jumanne akaja shemeji wa binti na ujumbe wa baba mkwe: mwanamke aliyetolewa nyumbani bila kuaga ameondoka, na mtoto aliyezaliwa mafichoni, bibi zake wa kwa baba hawakumpa jina kama mila yao inavyotaka. Mama akae na binti yake.

Saa nane benchi lilijaa, na Mama Samaki akasimama mbele yake. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Mzee, mpaka imefungwa wapi?"

"Mama, pole. Lakini yale yalikuwa maoni."

"Ulikuwa na miwani."

"Ndiyo, lakini..."

"Mimi sijui kusoma. Mimi najua miwani. Wewe mwenyewe ulitufundisha, miwani kwa macho ni gazeti, miwani kwa mkono ni mzee. Nikaangalia macho yako, nikaona miwani iko. Sasa niambie, mtoto wangu ameachwa juu ya nani? Gazeti, ama wewe?"

Mzee akafungua mdomo. "Ni hii lastiki," akaanza, akanitazama mimi. Mimi nikatazama sindano. Aibu ilinipanda mpaka masikioni, maana nilishona ile lastiki na niliuona ule mkono ukishuka. Benchi zima lilimngoja. Akaishika kofia yake gotini.

"Ni mimi," akasema.

Kesho yake tulikwenda watatu, yeye, Mama Samaki na mimi. Binti alibaki na kichanga chake. Ndani ya basi mzee alifanya mazoezi ya hotuba, na kwa hesabu yangu ilikuwa ya kurasa saba. Malaba tulipita kwa miguu kandokando ya malori, yeye mbele akisogeza midomo. Miwani ilikuwa bado na lastiki yangu. Fundi wa miwani alikuwa Kisumu.

Baba mkwe alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyetoka kunywesha ng'ombe. Tukasalimiana. "Yoga," akasema. "Yoga noi," tukajibu. Tukapewa vigoda uani. Mkewe alisimama mlangoni mikono kifuani.

"Gazeti ni nani kati yenu?" baba mkwe akauliza.

Mzee akasimama, akakohoa. "Mheshimiwa baba wa nyumba, naomba nafasi kidogo tu..."

Baba mkwe akainua mkono. "Fupisha."

Naapa nilimwonea huruma. Kurasa saba zilimkwama kooni. Akashika miwani aivue, lastiki ikagoma, akavuta kwa mikono miwili, lastiki ikakatika, miwani ikaruka ikatua kwenye mavi ya ng'ombe. Hakuna aliyecheka. Alisimama pale macho matupu, akipepesa.

"Gazeti halikusema," akasema. "Nilisema mimi. Nilikuwa nimevaa miwani, na huyu mama anajua nikiivaa sisemi langu. Hakuwatoroka. Aliniamini. Msimwache binti kwa kosa la mdomo wangu."

Baba mkwe akamtazama, akaitazama miwani kwenye mavi, akamtazama tena.

"Na sasa huna miwani."

"Sina."

"Basi tuambie. Mpaka utafungwa lini?"

Mama Samaki alinishika mkono. Swali kama lile mzee hajawahi kuliacha lipite. Nilimwona akivuta pumzi, nikamwona hata kidole cha kuhesabia sababu kikiinuka, kisha kikakunjwa.

"Sijui, mzee."

Miaka yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Aliyecheka kwanza ni mama mkwe pale mlangoni, na alipocheka, mumewe akaagiza maziwa. Mwezi mmoja baadaye binti alirudi kwake kwa heshima zote, na mtoto akapewa jina la bibi yake. Jina hilo ni la kwao. Sisi wa benchi tulimwita Gazeti.

Nilidhani mambo yameisha hapo, lakini kwa mzee hayakuisha. Alirudi benchini na miwani mpya, bila lastiki. Watu walikuja vilevile. Ila sasa kila akifungua mdomo, dereva mmoja alipaza sauti, "Miwani!" na yeye aliinua mkono kuonyesha iko wapi. Aliivumilia kwa upole ambao sikuuzoea. Lakini waliposema "Mchambuzi" walikuwa wakitabasamu kidogo, na tabasamu hilo lilimchoma. Mwenye bucha hakuuliza tena ameandikwa na nani. Hakukuwa na haja.

Ndipo akaandika barua nyingine. Alisema kosa alilolifanya mbele ya watu lazima lisahihishwe mbele ya watu wengi zaidi, na watu wengi wako gazetini. Hii ilikuwa ya ukurasa mmoja. Aliniletea asubuhi, jioni, kesho yake, akibadilisha neno moja, akilirudisha, mpaka nikaijua barua yote kwa moyo nikiwa napiga pasi. Akaituma. Kuanzia siku hiyo alianza gazeti kwa nyuma, kwenye barua za wasomaji. Alipitisha kidole safu nzima, akakunja, akarudi ukurasa wa kwanza kutusomea. Alifanya hivyo mwaka, na mwaka mwingine. Posta hakuilaumu tena.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Alikuwa amerudi Busibwabo, macho yameingia ukungu, gazeti likawa kwake karatasi tu. Nilimpelekea sukari, sabuni, na gazeti la siku hiyo. Alikuwa ameketi mlangoni, kofia kichwani. Alinijua kwa kikohozi.

"Mama Fundi. Gazeti wetu hajambo?"

"Ameanza kuchunga mbuzi wa babu yake. Anabishana na kila mtu."

Akafurahi. Nikatoa miwani yangu, maana sindano nazo zilishanimaliza macho, nikamsomea habari zote toka mwanzo: bei ya pamba, barabara, hotuba. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza nikaivua, ikanidondokea mapajani.

"Na barua za wasomaji?" akauliza.

Nilikuwa nimeshaupitia ukurasa huo ndani ya basi. Kulikuwa na mtu analalamikia mbwa, na mwingine analalamikia karo. Nikamtazama shingo yake ilivyokonda ndani ya kola. Sijui nini kilinipata. Nikalikunjua gazeti likalia vizuri asikie.

"Kuna moja hapa. 'Mheshimiwa Mhariri, naomba nafasi kidogo tu. Mimi ni mzee wa Busia ninayewasomea wenzangu gazeti. Siku moja niliwaambia maoni yangu nikiwa nimevaa uso wa habari, na mama mmoja aliyeniamini alikaribia kupoteza nyumba ya binti yake. Gazeti halikukosa. Mama hakukosa. Naomba wasomaji wenzangu wanaowasomea wengine wawe waangalifu kuliko nilivyokuwa mimi.'" Nikasoma jina lake lote, la ubatizo na la ukoo, na neno Busibwabo.

Kuku alipita kati yetu. Kisha akanyoosha mkono, akanitafuta uso. Vidole vyake vikapita kwenye paji la uso, vikashuka puani, vikaenda nyuma ya sikio, vikakaa hapo.

"Miwani iko wapi?"

"Iko mapajani."

"Aa." Akaurudisha mkono. "Basi hayo ni maoni yako, Mama Fundi."

Yeye akavua kofia yake taratibu, akaiweka gotini kama alivyokuwa akifanya benchini, akaegemea mlango.

"Soma tena," akasema.